Nilivyomrudisha Mzee Ilie Kilimani Kwao

Mke wangu, Mama Neema, bado anauliza mfuko wake uko wapi. Nanyi wa kwaya, kila Jumapili baada ya ibada mnanizunguka penye chai: Mwalimu, ilikuwaje huko? Nimejibu kwa vipande vipande hadi nimechoka, na kila kipande kimezaa uongo wake. Juzi nimesikia kwamba kule St Marys wanasema nilikwenda Ulaya kuuza picha ya thamani. Sikuuza kitu. Leo sina zamu, nimeketi jikoni kwangu Doonside, hapa Sydney, niwaandikieni yote mara moja, pamoja na habari ya huo mfuko. Mambo ya tiketi na karatasi nayaruka. Hayo mnayajua na hayana utamu.

Toongabbie

Wengi wenu hamkumfahamu Mzee Ilie. Alikuwa mtu wa Romania, amefiwa na mkewe, na kwa miaka kadhaa nilikwenda kwake Toongabbie asubuhi kumwosha, kumvisha na kumpa uji. Alikuwa na binti mmoja tu, Dorina, aliyeishi naye. Figo za Dorina hazifanyi kazi. Kila baada ya siku moja au mbili hulala kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa hiyo safari ndefu kwake haipo, hata angetaka namna gani.

Mbele ya kitanda cha mzee, pale ambapo watu wengine huweka televisheni, palikuwa na picha moja ya rangi, ndogo, haizidi sinia ya chai. Imechorwa juu ya kadibodi. Mara ya kwanza nilipoiona nilisema moyoni kwamba aliyeichora alikuwa mvivu. Ni kilima chenye nyumba, lakini nyumba zenyewe ni mapigo tu ya brashi: pigo jekundu ndilo paa, pigo jeupe ndio ukuta, basi. Hakuna dirisha wala mlango. Kanisa ni mstari mweupe uliosimama. Njia inaanzia chini, inapanda kidogo, kisha inapotelea majanini kana kwamba mchoraji aliitwa kula. Pembe moja ya mbingu hakuipaka kitu, kadibodi inaonekana. Ilinichukua muda kutambua kwamba kila kitu kimo. Ukiikaribia unaona rangi tu. Ukirudi nyuma hadi mlangoni, kijiji kinakaa mahali pake, na unahisi mvua iko karibu kunyesha.

Mzee alinisimulia habari yake mara nyingi, nikimkausha mgongo. Miaka ile iliyo kati ya vita viwili vikuu, kabla yeye hajazaliwa, mchoraji kutoka mjini alifika kijijini kwao, akakaa kwa wazazi wake majira yote ya joto. Alipoondoka aliwaachia picha hiyo, ikatundikwa ukutani. Mzee alikua akiiangalia. Kisha, akiwa kijana, alfajiri aliyoamua kuikimbia nchi, aliitoa msumarini, akaifunga mgongoni chini ya koti, akaenda bila kumuaga mtu. "Niliiba," alikuwa akisema. "Niliiba ukuta wa mama yangu." Halafu alinyoosha kidole penye picha kunionyesha nyumba yao. Leo hii hapa, kesho ile pale. Nilidhani ni akili ya uzee, sikumbishia.

Aliyoyataka kabla ya kufa yalikuwa mafupi: picha irudishwe kwenye ukuta ule. Tulimzika hapa Sydney, kando ya mkewe. Siku hiyo hiyo Dorina alinishika mkono, tukiwa bado makaburini.

"Timoteo, mimi siwezi kwenda mbali na ile mashine. Nikiituma kwa posta, nitaandika jina la nani? Sijui kama kuna aliyebaki. Yeye hatapumzika, na mimi sitapumzika."

Nikamwambia nitakwenda. Sikufikiria mara mbili, na nawaambia ukweli, nilijutia ahadi hiyo kabla sijafika kwenye gari.

Sasa niwaeleze jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa mengine. Baba yangu mdogo alipofia Nairobi, nyanya yangu ndiye aliyempeleka nyumbani Vihiga. Aliketi karibu na jeneza njia nzima, na kila mahali alimwambia: Mwanangu, sasa tunapita Nakuru. Mwanangu, huu ndio mto Yala, tunavuka. Katika ukoo wetu ndivyo inavyofanywa, marehemu asije akabaki njiani akishangaa. Na kuna upande wa pili wa desturi hiyo. Ukishamfikisha, ukianza kurudi, humsemeshi tena wala humtaji jina, mpaka ulale kwako usiku mmoja. Ukimsemesha atakufuata.

Dorina alinipa picha tu. Lakini nilipoitoa msumarini nilijua kwamba sibebi picha tu. Mama Neema alikuwa ameishonea mfuko kwa leso yake ya kujifunga, ile nyekundu mnayoijua, nikaitia ndani. Mlangoni nikasema, "Mzee Ilie, tunatoka Toongabbie."

Kutoka Doonside hadi uwanja wa ndege

Jumamosi niliyosafiri, reli ilikuwa imefungwa kwa matengenezo. Hamshangai. Mtu anaweza kutoka upande mmoja wa dunia hadi mwingine, lakini kutoka Doonside hadi kituo cha Central wikendi ni majaliwa. Tulipangwa foleni kusubiri mabasi ya kuchukua nafasi ya treni, nami nimeukumbatia mfuko, na binti yangu Neema anavuta sanduku.

Mama Furaha alitoka St Marys kwa makusudi kuja kuniaga. Alinipa kopo zima la mandazi.

"Mwalimu, beba hii. Huko bazungu banakulaka fromage tu, ile jibini yao, asubuhi fromage, jioni fromage. Utakonda."

"Mama, mandazi yote haya?"

"Si yako peke yako. Mtu haendi kwa watu mikono mitupu, hata kama anapeleka tableau."

Basi likaja. Tulipopita karibu na Blacktown niliinamia mfuko nikamwambia mzee tulipo. Neema akageuka dirishani kwa aibu.

"Dad, you're talking to a bag. People are looking."

"Wacha waangalie. Babu yako mdogo alisemeshwa kutoka Nairobi hadi Yala."

Hakujibu, lakini tulipofika Central aliniuliza kwa Kiingereza, taratibu, kama sijasahau kumwambia mzee kwamba sasa tunapanda treni. Nilikuwa nimesahau. Nikamwambia.

Uwanja wa ndege, afisa alinitaka niitoe picha. Akaipangusa kwa kitambaa chake cha kutafutia baruti, akaigeuza nyuma na mbele, akauliza kama ni kitu cha thamani. Nilisema ni ya mzee aliyefariki, naipeleka kwao. Aliniangalia, akaniangalia tena, akairudisha mfukoni yeye mwenyewe, polepole. Ndege iliponyanyuka nilimwambia mzee kwamba sasa tunaiacha nchi aliyozikwa. Hapo nikafikiri: je, kama hataki kuondoka?

Ghuba

Tulipaswa kubadilisha ndege haraka katika nchi moja ya Ghuba. Ukungu ukashuka, ndege zikazuiwa, na sisi tukaachwa tumetapakaa kwenye viti. Watu walilala sakafuni wamejifunika makoti. Mimi niliiweka picha kwenye kiti cha pembeni yangu, nikala andazi moja, nikamweleza mzee kwamba tumekwama jangwani, asiwe na wasiwasi, si makosa yetu.

Nilipoinua macho, msichana mmoja wa usafi alikuwa amesimama na fagio lake la maji. Alikuwa amenisikia.

"Shikamoo, baba. Samahani. Unamsindikiza nani?"

Alikuwa wa Kakamega, jirani na kwetu Vihiga. Sikumweleza chochote kuhusu picha, wala hakuuliza mle ndani mna nini.

"Mzee wangu," nikasema.

"Mko wangapi?"

"Mimi tu."

"Pole sana, baba. Peke yako ni kazi." Akapiga deki kuzunguka kile kiti, hakuniomba niusogeze mfuko. Kiti cha jirani, mwenye begi aliamriwa alitoe. Nililia pale, wala sikujificha. Tangu mazishi nilikuwa nimewapa wengine pole, na hakuna aliyenipa mimi, kwa sababu nilikuwa mfanyakazi tu.

Treni ya kaskazini

Kutoka Bukaresti nilipanda treni ya kuelekea milimani. Ilikwenda kwa ustaarabu wake. Ilisimama katikati ya shamba la mahindi kwa muda mrefu, bila kituo, bila maelezo, na hakuna aliyeuliza. Nilijisikia nyumbani.

Mbele yangu aliketi babu mmoja mwenye masharubu meupe, na kikapu magotini. Konda alipokuja alinionyesha kwa mkono kwamba niutoe mfuko kitini. Nilikataa. Kiti kilikuwa kitupu, lakini yeye alikuwa na amri zake. Alipandisha sauti, nami nikapandisha yangu kwa Kiswahili, kwa kuwa hakuna lugha tuliyoshirikiana, na mimi nikigombana kwa Kiingereza hushindwa. Yule babu akaninyooshea viganja, yaani, ni nini? Nikafungua simu, nikamwonyesha picha niliyopiga siku ya mazishi, jeneza likiwa wazi kama wafanyavyo wao, na uso wa Mzee Ilie. Halafu nikaugusa mfuko.

Babu alivua kofia. Alimwambia konda maneno machache, na konda naye akagusa kofia yake, akaenda zake.

Baada ya hapo babu alifungua kikapu. Mkate, vitunguu vibichi, mafuta ya nguruwe yaliyokaushwa kwa chumvi, ambayo aliyakata vipande vyembamba kwa kisu chake cha mfukoni akaniwekea juu ya mkate. Nilikula. Yalikuwa matamu kuliko nilivyotaka yawe. Kisha akatoa chupa ya pombe kali ya matunda, akanimiminia kifuniko. Nikatikisa kichwa, nikaonyesha juu mbinguni, maana mimi ni mwalimu wa kwaya. Babu akafikiri nimeonyesha alipo marehemu. Akainamisha kichwa kwa heshima, akamwaga matone sakafuni mwa treni, akanywa kilichobaki. Nilitaka kumsahihisha, kisha nikaona sina cha kusahihisha. Babu yangu mzaa baba angefanya vilevile, kabla wachungaji hawajamkataza.

Poiana

Kijiji chao kinaitwa Poiana. Basi la kupanda huko lilikuwa na abiria wachache, na mmoja wao, mama wa makamo aitwaye Viorica, alikuwa na Kiingereza cha kuokoteza. Alikuwa amerudi kutoka Italia, ambako kwa miaka mingi aliwatunza wazee majumbani mwao. Nilipomwambia kazi yangu alinishika kifundo cha mkono na kukibonyeza palepale panaponiuma kwa sababu ya kuwainua watu.

"Hapa?"

"Hapohapo."

"Na mimi," akasema, tukawa ndugu.

Hakumjua Mzee Ilie, alikuwa ameolewa kijijini hapo. Ila picha alipoiona alicheka kwa furaha, akaapa kwamba ataipata nyumba kabla ya chakula. Tukaanza. Nawaambia, hakuna kazi ngumu kama kutafuta nyumba isiyo na mlango wala dirisha. Tulisimama mbele ya kila boma tukiinua picha. Hii? Paa limebadilishwa. Ile? Kulia kwake palikuwa na mti. Wazee walitoka, wakaipokezana, na kila mmoja aliona nyumba yake mle ndani. Mwanamke mmoja alimwonyesha mumewe pigo la kijivu akasema ni zizi la babake, mume akasema hilo ni wingu, wakaachana wamenuniana. Jina la Ilie, upande ule, waliokuwa wakilijua walikuwa wamekufa au walikuwa mijini kwa watoto wao.

Tulipovuka bonde mvua ikaanza. Viorica akaenda kwake kuchukua mwavuli, akaniacha chini ya mti upande wa pili wa bonde. Nikaitoa picha kidogo nje ya mfuko, nikaangalia mbele, nikaangalia picha. Mstari mweupe wa kanisa ulikuwa umesimama juu ya kanisa lenyewe. Ile njia ilianzia pale pale na kupotelea pale pale, nyuma ya kichaka, haikuwa haraka ya mchoraji. Nilisogea hatua chache kushoto, na paa zote zikakaa. Hapa ndipo alipokuwa mchoraji.

Nikageuka. Nyuma yangu palikuwa na lango la mbao, na nyuma ya lango nyumba ndogo yenye baraza. Mchoraji aliketi kwenye baraza ile. Nyumba ya Mzee Ilie haikuwemo kwenye picha hata siku moja. Picha ni kile walichokiona wenye nyumba kila asubuhi walipofungua mlango. Miaka yote ile Toongabbie alikuwa akinionyesha nyumba za majirani.

Lango

Hapa nilifanya kosa ambalo Viorica hadi leo ananicheka kwa simu. Nilisimama nje ya lango nikabisha hodi. Mbwa alibweka. Pazia likasogea, nikauona uso wa bibi mzee, nikabisha tena. Hakutoka, na mimi nisingeweza kuingia boma la mtu bila kukaribishwa, tena nikiwa na msiba mkononi. Kumbe kwao mgeni mwenye nia njema husukuma lango akaingia, akaita akiwa uani. Anayesimama nje bila kuingia ni mtu wa serikali, au mleta habari mbaya. Basi bibi alinisubiri mimi, nami nikamsubiri yeye, na mvua ilitunyeshea mimi na mzee.

Mwishowe nilichoka. Niliuegemeza mfuko kwenye nguzo ya lango, chini ya kijipaa chake, nikasema yale yaliyokuwa yamebaki kusemwa. Sikusema kwa sauti ndogo tena.

"Mzee Ilie, tumefika kwenu. Hili ndilo lango. Ngoja tufunguliwe."

Mlango ulifunguka. Bibi alikuja mvuani bila shali, akishika ukuta, kisha ua, kisha hewa. Alikuwa amelisikia jina. Aliniangalia mimi, akauangalia mfuko mwekundu, na jinsi nilivyouinamia. Akaweka kiganja juu yake.

"Ilie?" akauliza.

Nikainamisha kichwa. Mimi nilidhani wanajua, ndugu zangu. Njia yote ile haikunipitia akilini kwamba mimi ndiye ninayeleta habari. Bibi akaanza kulia kwa sauti, kilio kirefu chenye maneno ndani yake, kinachopanda na kushuka, kama wanavyolia mama zetu msiba unapoingia uani. Viorica alitukuta hivyo, mwavuli umefungwa mkononi mwake.

Msumari

Yule bibi alikuwa dada mdogo wa mzee, Bibi Safta. Alikuwa mtoto wa shule kaka yake alipotoroka. Alitukausha, akatuketisha, akasonga ugali. Ndiyo, ugali, wa mahindi ya njano, akaupindua juu ya ubao akaukata kwa uzi, akatuwekea jibini. Mama Furaha hakukosea. Nilimega kwa mkono kabla ya kujizuia. Bibi alikuwa ameshanipa uma. Aliuondoa, akamega na yeye kwa vidole, akamwambia Viorica kwamba ndivyo mama yake alivyokula.

Baada ya chakula nikaitoa picha. Hapo uso wake ulibadilika. Aliinuka akanionyesha ukuta wa mkabala na mlango. Palikuwa na msumari mtupu.

"Anasema, muone kilichobaki kwetu," Viorica akatafsiri. "Anasema kaka alipotoroka, baba alihojiwa hadi nywele zikawa nyeupe. Mama hakuruhusu kitu kingine kutundikwa hapo. Kila Krismasi alipaka ukuta chokaa akauzunguka ule msumari. Anasema yeye alichukua kijiji chote akaondoka nacho, sisi akatuachia msumari. Haitaki."

"Mwambie alijutia. Mwambie kila siku alisema aliiba."

Viorica akamwambia. Bibi akajibu bila kuniangalia.

"Anasema, angekuja kulisema hapa."

Moyoni nilimwona Dorina kwenye mashine yake, akiningoja. Tayari nilijiona nikimwambia kwamba baba yake amekataliwa mlangoni mwa mama yake. Moyo uliniuma kama aliyekataliwa ni mimi.

Viorica akanivuta kando. "Wewe unatoa vibaya," akasema. "Unampa zawadi ya kaka. Hiyo anaweza kuikataa. Toa kwa ajili ya roho yake. Kwetu, mtu akifa, hutolewa kitu kwa jina lake, pamoja na mkate na mshumaa, kutoka mkono hadi mkono. Hicho hakikataliwi. Ukikikataa, umemnyima marehemu huko aliko." Mshumaa alikuwa nao yeye, wa kanisani. Mkate haukuwepo, wa asubuhi ulikuwa umekwisha. Nikakumbuka kopo la Mama Furaha. Mandazi yalikuwa magumu hata meno yangeyaogopa, lakini yalikuwa mandazi.

Nikasimama. Niliiweka picha mikononi, andazi juu yake, Viorica akawasha mshumaa, nikamnyooshea bibi. Nikasema kwa Kiswahili, "Kwa ajili ya roho ya Ilie, mwana wa nyumba hii."

Bibi Safta alitazama lile andazi muda mrefu. Kisha akanyoosha mikono yote miwili akapokea, akasema neno moja, bogdaproste, ambalo ndilo neno la kupokelea kitu cha marehemu. Hakuitundika. Aliilaza kitandani kwake, akavuta blanketi hadi kwenye paa za pichani, akaketi kando.

Kabla sijalala alimtuma Viorica aniulize nilikuwa nikiiambia nini pale langoni. Nikamweleza habari za nyanya yangu. Akataka nimtajie mahali pote tulipopita. Nikataja: Toongabbie, Blacktown, Central, bahari, jangwa, Bukaresti, shamba la mahindi. Akayarudia majina yetu haya ya huku, moja moja. Toongabbie lilimshinda, akalijaribu tena na tena, mpaka likatoka.

"Anasema, kumbe ndiko alikokaa," akasema Viorica.

Asubuhi nilipoamka mlango wa mbele ulikuwa wazi. Picha ilikuwa kwenye msumari wake, na mkabala nayo, nje ya mlango, kilima chenyewe kikitoka kwenye ukungu, pigo kwa pigo.

Kurudi

Nilirudi nikiwa nimefunga mdomo. Kwenye basi, kwenye treni, Bukaresti, Ghuba, sikumtaja mzee, hata kwa mawazo nilijikataza. Mfuko mtupu niliukunja nikauweka magotini. Nilikuwa mwepesi na nilikuwa na huzuni, vyote pamoja. Nilikuwa nimezoea kuwa na mtu.

Kisha ndege ikaanza kuteremka. Jua lilikuwa limetoka, bandari ikaonekana, na daraja, na vitongoji vyetu vya magharibi huko mbali hadi milimani. Nilikuwa nusu usingizini. Nikaupapasa mfuko nikasema, "Mzee Ilie, tunashuka Sydney."

Niliposikia sauti yangu mwenyewe nilijiziba mdomo. Nimekwenda mpaka mwisho wa dunia kumfikisha mtu kwao, nikamwita arudi kwa uzembe wa ulimi. Kutoka uwanja wa ndege sikuja nyumbani moja kwa moja, na Mama Neema atanisamehe akisoma haya. Nilishukia Toongabbie.

Dorina alikuwa ametoka kwenye mashine, amelala kwenye kochi, rangi imemtoka usoni. Nilimweleza yote: nyumba isiyokuwemo, shangazi yake ambaye hakujua kama yupo, msumari, andazi. Nilimwonyesha kwenye simu picha ikiwa ukutani. Alilia kwa utulivu, mkono juu ya kioo. Ningeweza kuishia hapo akapumzika. Lakini nimemwosha babake miaka mingi, sikuweza kumficha bintiye. Nikamweleza desturi yetu, na nilichokisema ndege ikiteremka.

Alikaa kitako. "Ulimwita?"

"Nilimwita. Sikukusudia. Nisamehe, Dorina."

"Akija, anakuja wapi?"

"Anamfuata aliyemwita. Alisafiri kwenye mfuko huu, basi yumo humu."

Nilimwona akielewa, na nilijiandaa kwa hasira yake. Badala yake aliangalia chumba cha babake, mlango ulikuwa wazi, kitanda kimetandikwa, ukuta mtupu mbele yake.

"Tangu uondoke nimekuwa nikilala na taa," akasema. "Nilitimiza alichotaka, halafu nikabaki peke yangu na ule ukuta. Shangazi anayo picha. Picha ndiyo aliyoiba, imerudi, deni limekwisha."

Akaniomba mfuko. Nikampa. Akainuka polepole, akishikilia mlango, akaenda mpaka kwenye ukuta ule, akautundika mfuko wa leso kwenye msumari, akaunyoosha pembe zake.

"Timoteo," akasema, "mwambie amefika."

Nikamwambia.